Zaidi Ya

Mizani ya kliniki ya Nuku'alofa iliishia mia moja na hamsini.
Mshale ukakimbia, ukagonga ukingo, ukatetemeka
kama mtoto aliyeulizwa asichokijua.
Mkunga Fusi hakuguna. Aliandika: zaidi ya.
Ndivyo nilivyoingia kwenye daftari la serikali.

Kwetu hakuna aliyenipima kwa chuma.
Kwa shangazi Temaleti mwili huu ulikuwa heshima,
Jumapili mkeka kiunoni, benchi la mbele kanisani,
"Seluvaia kashiba, mumewe anamtunza."
Mume mwenyewe yuko Nyuzilandi, juu ya ngazi,
anachuma matufaha ya watu,
na kila Ijumaa ya pili fedha hushuka kwenye simu.

Nikaenda dukani. Tufaha moja,
limevishwa karatasi kama bibi harusi.
Kwa bei ya matatu napata mfuko wa mbavu za kondoo,
mafuta meupe, zimesafiri kwenye barafu kutoka huko huko.
Nikamuuliza muuzaji: hili kalichuma Semisi?
Akacheka.
Nikanunua mbavu.

Mja mzito.
Uzito wa nani, basi, uliopimwa siku ile?
Wangu, wako, wa mama aliyenizaa na kilo zangu tano,
wa makopo ya nyama yaliyopangwa msibani mpaka darini?
Kwenye picha ya tumbo ulikuwa ukungu;
sauti ya mashine ilichoka njiani, ikarudi na habari nusu.

Wiki ya ishirini na sita wakaninywesha glasi ya sukari,
saa mbili kwenye benchi, kidole kikidungwa.
Fusi akavuta kiti, akakaa. Nikajua.
"Sukari yako inavuka kondo la nyuma," akasema,
"insulini yako haivuki.
Kwa hiyo mtoto anatengeneza yake, mchana na usiku,
na ziada anaiweka mabegani."
Nikakuona: kibarua kabla ya jina.
Baba juu ya ngazi, mwana gizani,
wote wawili kazini
kwa ajili ya sahani yangu.

Nikaacha soda. Nikaacha mkate mweupe, nikaurudia, nikauacha.
Nilitembea mpaka makaburini na kurudi,
mbwa wa jirani wakinisindikiza kwa dharau.
Sindano nilijidunga mwenyewe, pajani, kila jioni.
Usije ukasema mama hakufanya kitu.

Kujifungua, husemwa, kana kwamba fundo ni la mtu mmoja.
Kichwa chako kilitoka, kisha dunia ikasimama.
Mabega yalikataa.
"Magoti kifuani!" Wawili wakanikunja,
mmoja akakandamiza juu ya kinena,
na kijana wa zamu akihesabu sekunde kwa sauti,
hamsini na moja, hamsini na mbili,
Fusi akaingiza mkono, akautafuta mkono wako.

Kilo tano na gramu mia moja.
Nje shangazi walipiga vifijo: mchezaji wa raga!
Ndani ulikuwa unatetemeka
kama ule mshale.
Kitovu kilikatwa, sukari ikakatika,
nawe, mtiifu, hukuambiwa uache kazi.
Wakakudunga kisigino: moja nukta tatu.
Wakakupaka jeli ya sukari ndani ya shavu,
wakanikamua maziwa ya kwanza, manjano, kijiko kisichojaa,
wakakudunga tena, na tena.
Alfajiri Fusi akaandika mbili nukta tisa.
Namba kamili. Nilimwomba anionyeshe.

Semisi alipiga simu, upepo wa shambani ukivuma masikioni mwake.
Alisikia kilo tano akashangilia mpaka msimamizi akamkemea.
Ile namba nyingine sikumtajia.
Nikamwambia, safari hii usitume fedha,
tuma tufaha kwenye kifurushi.
"Forodha hawaruhusu matunda."
Mbavu wanaruhusu, nikasema.
Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Wewe ulikuwa unanyonya, kwa kelele.